Bosi wa Mavyaa Wangu

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimepata! Nimepata, nimepata, nimepata!

Meneja wa wafanyakazi. Mimi! Subira binti Chirau wa Msambweni, niliyekuwa nikisimama mapokezi nikigawa taulo za pwani na tabasamu. Bwana Lewis, meneja mkuu, aliniita asubuhi. Nikadhani ni habari ya yule mgeni aliyenyang'anywa soseji na tumbili. Nikaingia na majibu yangu tayari – kwamba ilani ya tumbili imebandikwa, kwamba hata mimi tumbili hao walishanilia ndizi. Kumbe! Akasema amenitazama tangu nimalize diploma ya jioni, na kwamba wafanyakazi huniambia mambo ambayo yeye hawamwambii. Nikasema asante. Nikasema asante tena. Kisha nikatoka nikagonga mlango wa kioo kwa paji la uso. Nilidhani uko wazi.

Nina ofisi. Ofisi yenye dirisha! Meza, simu ya mezani, na AC inayodondosha maji kama bomba bovu. Nimeinua simu mara kadhaa nisikie tu inavyovuma.

Rispah wa mapokezi, rafiki yangu, siri haikai kinywani mwake. Kabla ya chakula cha mchana hoteli nzima ilikuwa ikijua. "Aki Subi, sasa wewe ni management! Usitusahau sisi wadogo." Yeye ni wa Kisumu, kila jambo kwake ni sherehe. Mpishi kaniletea keki iliyoandikwa "Happy Birthday" – ilibaki ya mgeni. Nimeila yote.

Nimempigia Abubakar. Alikuwa juu ya ngazi pale Ukunda akitengeneza friji ya duka la nyama. Alipiga kelele nusura aanguke. Posa yake inaletwa kwetu Jumapili ya tarehe kumi na sita. Cheo na posa, mwezi mmoja! Mashallah. Sijui niweke wapi furaha yote hii.

Jumanne, 4 Novemba 2025

Bwana Lewis kanipa kazi ya kwanza. Wakuu wa idara wote wafanyiwe tathmini kabla ya wageni wa Desemba kuanza kumiminika. Yaani nikae na mkuu mmoja mmoja, nimwambie anayofanya vizuri na anayotakiwa kurekebisha. Sawa! Nimekunja mikono ya blauzi, nikaanza kuandika. Mapokezi. Jikoni. Bustani. Vyumba. Ulinzi. Dobi.

Dobi.

Mkuu wa dobi ni Bi Jumwa. Bi Jumwa ni mama yake Abubakar. Bi Jumwa ndiye mavyaa wangu mtarajiwa!

Nilicheka peke yangu mpaka simu ikaanguka. Kisha nikaacha kucheka. Huyu ni mtu ambaye nikimwona kwa mbali naweka chini kila nilichoshika, nampa shikamoo, nambusu mkono. Sasa nimwite ofisini nimwambie nini – mama, kaa hapa nikueleze makosa yako?

Nimerudi kwa Bwana Lewis mbio. Nikamweleza kwamba huyu karibu atakuwa mama mkwe wangu, basi pengine hii moja aifanye yeye. Akacheka. Akasema pwani hii kila mtu ni jamaa ya mtu, akianza kuwatenga wenye jamaa atabaki yeye na tumbili. Tathmini ya Bi Jumwa ataipitia na kuitia sahihi yeye, lakini mazungumzo ni yangu. Ati huko ndiko kujifunza kazi!

Alhamisi, 6 Novemba 2025

Chiku wa dobi amekuja. Mwanamke mpole wa Kombani, sijapata kumsikia akisema zaidi ya salamu. Aligonga, akachungulia nyuma yake, akaingia. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama kiti ni cha moto.

Akasema hakuja kushtaki. Amekuja kuniaga.

Polepole nikamtoa maneno. Bi Jumwa ni mkali, hilo tunajua sote. Sauti yake inafika mpaka kwenye bwawa la kuogelea na wageni hudhani ni burudani. Lakini sikujua haya mengine. Shuka likitoka na doa, aliyelifua hufunikwa nalo kichwani kama buibui, aendelee na kazi hivyo hivyo, na wenzake waambiwe wamcheke. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya Maimuna. Maimuna ni mama wa watoto wanne! Alipiga pasi na shuka kichwani mpaka saa ya chakula. Hakuna aliyecheka isipokuwa Bi Jumwa.

"Basi mbona hamkusema?" nikamwuliza.

Chiku akanitazama kwa huruma. Kwa huruma, mimi! "Tungemwambia nani, dada? Na sasa ofisini umeingia wewe."

Hoteli moja huko chini pwani inatafuta watu wa dobi. Chiku ataenda, Maimuna ataenda, na karibu wote watafuata mwisho wa mwezi. Tena hapo ndipo vyumba vinajaa.

Nikamwomba anipe siku chache. Akasema sawa, bila kuamini.

Nimenywa chai ikiwa imepoa. Nina mavyaa anayenipenda na watu wanaomwogopa, na wote ni wangu.

Ijumaa, 7 Novemba 2025

Nimekumbuka semina ya Mombasa! Yule mwalimu alitufundisha kumkosoa mtu kwa njia ya sandwichi. Unatanguliza sifa, unaweka kosa katikati, unafunga na sifa. Mtu anameza kosa bila kusikia uchungu.

Habari za Chiku sikumwambia Rispah, siri ya mtu ni amana. Nilimwambia tu nataka kufanya mazoezi ya tathmini na mavyaa. Wee! Akajifunga leso mbili, akavuta miwani mpaka puani, akawa Bi Jumwa. Alijaribu Kiswahili cha pwani: "Mwanangu weye, yuwani wanitizama hivyo?" Hata si Kiswahili cha mahali popote! Nikaanza, "Mama, shuka zako ni nyeupe pepepe –" akanikatiza, "Na wewe mahamri yako ni magumu kama jiwe!" Nilianguka chini ya meza. Kweli niliingia chini ya meza. Bwana Lewis akapita, akaona miguu yangu, akaendelea na safari yake.

Kesho. Sifa, kosa, sifa. Inshallah!

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Imeharibika, na imeharibika vizuri sana.

Bi Jumwa alikuja kwa wakati, kajitia manukato, kabeba bakuli la wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mimi mbio kumpokea, shikamoo mama, nikambusu mkono. "Marahaba mwanangu." Kisha akaangalia viti. Kiti cha mgeni kilikuwa chini ya AC, kimelowa. Kiti changu kilikuwa kikavu. Akakaa kwenye kiti changu! Nimfanye nini? Nikakaa kwenye kile cha mgeni, maji yakinidondokea utosini, tone kwa tone, muda wote wa tathmini.

Nikaanza. "Mama, mashuka ya hoteli hii yanasifiwa Diani nzima."

"Ndiyo."

"Na hujapata kuchelewa hata siku moja."

"Sijapata."

"Na... na..." Hapo ndipo mahali pa kosa. Kinywa kikafunguka. "Na taulo pia, mama. Taulo ni laini mno!"

Mkate juu ya mkate! Hakuna kilichoingia katikati!

Akaniuliza Jumapili ya posa nataka wanawake wavae leso za rangi gani. Nikasema zambarau. Akaniambia nile kabla wali haujapoa. Nikala. Mimi, meneja, nimelishwa na ninayemtathmini, nywele zimelowa, nikilamba vidole. Na samaki – acha tu. Sijala samaki kama yule.

Akatoka akitabasamu. Nilimsikia ukumbini akimwambia mlinzi kwamba amefaulu.

Rispah kacheka mpaka akalia. Mimi nimecheka naye. Lakini kila nikimkumbuka Chiku kicheko kinakatika.

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Leo nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe. Nilikuwa nikipita nyuma ya dobi, madirisha wazi kwa sababu ya joto la pasi. Bi Jumwa alikuwa akimfokea Maimuna kwa ajili ya foronya. Kisha akasema, "Nenda kanishtaki! Aliye ofisini ni mkaza mwanangu. Nenda!"

Nikasimama pale kama nimemwagiwa ndoo ya maji.

Si jambo langu na Bi Jumwa tu tena. Amechukua jina langu akalifanya kufuli la mlango.

Mchana Bwana Lewis kaniita. Amesikia habari za watu wa dobi kutaka kuhama. Sijui kutoka wapi, labda kwa tumbili. Hakunifokea, ndiyo mbaya zaidi. Akasema Desemba hawezi kukaa bila mashuka. Dobi wakiondoka, atawapa kazi yote kampuni ya nje pale Ukunda, na idara itafungwa. "Wote?" nikauliza. "Wote," akasema. "Na Bi Jumwa."

Basi nikinyamaza ili nisimuudhi mavyaa wangu, nitakuwa nimemfukuzisha kazi. Hebu fikiria! Nimefikiria mpaka nikapitiliza kituo cha kushukia tuktuk.

Jumanne, 11 Novemba 2025

Abubakar alikuja kutengeneza AC ya ofisi yangu. Kaitwa na hoteli, si na mimi! Lakini nilikuwa nimejipaka wanja tangu alfajiri, basi tuseme nilijua.

Sikumweleza ya watu. Nikamwambia tu, nina jambo zito la kuzungumza na mama yako, la kazi, na huenda likamuuma. Akageuzageuza bisibisi mkononi.

"Ni kweli lakini?" akauliza.

"Ni kweli."

"Basi sema. Ila sema kama Subira. Usiseme kama semina."

"Na akikataa kuja Jumapili?"

"Mimi nitakuja. Hata nikija peke yangu na kikapu changu." Akasema hivyo huku kichwa kiko ndani ya AC, sauti inatoka kama redio. Nilitaka kumbusu miguu, ndiyo tu iliyokuwa karibu. Sikumbusu. Mimi ni meneja!

AC imepona upande wa kiti cha mgeni. Sasa inadondosha upande wangu.

Jumatano, 12 Novemba 2025

Nimesema.

Nimesema, nimesema! Naandika mbio mbio, ndiyo maana maandishi ni kama ya kuku.

Sikumwita ofisini. Nilimfuata mwenyewe adhuhuri, wenzake walipokwenda kula. Alikuwa nyuma kwenye kamba, anaanua mashuka, maana mawingu yalikuwa yanakusanyika. Nikashika ncha moja ya shuka, yeye akashika nyingine, tukakunja. Nikampa shikamoo. Kisha nikasema:

"Mama, leo sikuja kama mkaza mwanao."

"Umekuja kama nani?"

"Kama meneja."

Tukakunja jingine.

"Shuka kichwani mwa mtu, mama, limekwisha leo. Hakuna atakayefunikwa tena. Na jina langu usilitumie kumtisha mtu. Mlango wangu uko wazi kwa Maimuna kama ulivyo wazi kwako."

"Nani kakwambia?"

"Sitasema."

"Ni Chiku."

"Sitasema, mama."

Akaliachia shuka. Likaanguka mchangani, shuka jeupe la chumba cha bei kubwa! Sijapata kumwona akiangusha shuka. "Kazi yangu ni safi au si safi?"

"Ni safi. Hakuna hoteli inayokushinda. Lakini wanaoifanya wanakuogopa, na wanaondoka. Wakiondoka, dobi inafungwa, na wewe unaondoka nayo. Sitaki uondoke. Nakwambia kwa sababu sitaki."

Kisha akasema taratibu, kila neno peke yake, "Basi Jumapili mtafute mtu mwingine wa kuwaongoza wanawake kuja Msambweni."

Akaondoka. Mvua ikaanza. Nikabaki nikianua mashuka ya hoteli nzima peke yangu, mbio huku na huku, nalia, kisha nacheka, kisha sijui. Niliingia chooni nikajitazama kwenye kioo. Wanja umeshuka mpaka mashavuni. Huyu ndiye meneja wa wafanyakazi! Nikacheka kweli sasa. Nilidhani nikisema nitakufa, na sikufa.

Alhamisi, 13 Novemba 2025

Nilimpa shikamoo mlangoni. Akajibu, "Marahaba, meneja."

Meneja! Afadhali angenipiga kofi.

Leo hakuna shuka kichwani mwa mtu, lakini hakuna sauti yoyote dobi. Hata mashine zinaonekana kunyata.

Mama kapiga simu kutoka Msambweni, anauliza wanawake wa upande wa pili watakuwa wangapi, apime mchele. Nikasema mtandao unakatika. Nikaukata.

Ijumaa, 14 Novemba 2025

Leo niandike polepole, nisipoteze hata neno.

Baada ya swala ya Ijumaa mlango uligongwa. Bi Jumwa. Bila bakuli, bila manukato. Nikainuka, shikamoo mama, nikamwonyesha kiti changu. Akatikisa kichwa. Akakaa kile cha mgeni.

Na mimi nikakaa changu, chini ya AC.

"Jana nilimwita Maimuna tule pamoja," akasema. "Nilitaka nijue kama ulisema kweli. Nikampa sahani. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, Subira. Kwa sahani ya wali!"

Ameniita Subira.

Kisha akanieleza jambo ambalo Abubakar mwenyewe hajawahi kuniambia, nadhani halijui. Alipoanza kazi ya dobi alikuwa msichana, katika hoteli ambayo siku hizi haipo. Mkubwa wake alikuwa akiwamwagia maji ya sabuni usoni wakikosea. Alirudi nyumbani macho mekundu, akimwambia mamake ni vumbi. "Nikamwogopa mwanamke yule mpaka nikawa stadi. Ndipo nikadhani ule ukali ndio kazi yenyewe. Nilipopewa ukuu, sikujua namna nyingine."

"Na lile shuka?"

"Niliona shuka ni afadhali kuliko sabuni." Akacheka kidogo, cheko la aibu. "Niliona nimewahurumia."

Nikacheka nami, kisha nikaona machozi yake, nikaacha, kisha naye akacheka tena. Tulikuwa kama watu wawili wanaogombania mlango. AC ikanidondokea puani. Akasema, "Ah, mwanangu huyu, hata AC ya mchumba wake hawezi kuitengeneza!" Basi tukaangua kicheko mpaka Rispah akaja kuchungulia. Nikamfukuza kwa mkono.

"Sasa nifanyeje?" akauliza.

Semina haikufundisha hapa. Nikasema, "Waambie."

"Niwaambie nini?"

"Hilo ulilonieleza mimi."

"Mbele ya watoto wale? Nijivue nguo mbele yao?"

"Wewe uliwafunika mbele ya watu, mama."

Lo! Nilisema hivyo. Lilitoka lenyewe. Nikaona Jumapili inaondoka, leso za zambarau zinaondoka, sufuria za mama zinarudishwa kwa majirani.

Akainuka. "Kesho asubuhi, kabla ya zamu. Mimi na wao, mlango umefungwa. Wewe ukae nje. Ukiwa ndani watasema kwa ajili yako."

Kuhusu Jumapili hakusema neno. Sikuuliza. Abubakar naye amemwuliza, kajibiwa, "Nina kazi kesho, niache."

Nimeshindwa kula, na nimecheza peke yangu chumbani. Vyote viwili!

Jumamosi, 15 Novemba 2025

Naandika nikiwa nje ya dobi. Nimekalia katoni ya sabuni. Mlango umefungwa.

Waliingia wote. Maimuna alipita akiwa ameshika mkono wa Chiku. Chiku alinitazama kama mtu anayepelekwa kwa daktari wa meno. Nikamwambia, mimi niko hapa hapa. Akasema, "Ndani ndiko tunakokwenda sisi, dada." Kweli!

Bwana Lewis amepita na kikombe cha kahawa. Akauliza kuna nini. Nikasema mkutano wa idara. Akauliza mbona meneja yuko nje. Nikasema huo ndio mkutano wenyewe. Akatafakari, akaenda zake. Jumatatu anataka jibu, dobi ibaki au ifungwe.

Nasikia sauti ya Bi Jumwa. Haifiki kwenye bwawa leo, inafika hapa mlangoni kwa shida. Sisikii maneno. Anasema, ananyamaza, anasema.

Kimya.

Tumbili mmoja amekaa ukutani ananiangalia mimi na kalamu yangu. Nenda zako!

Mtu anazungumza. Maimuna? Ndiyo, ni Maimuna, sauti inapanda. Anasema mengi! Maimuna, ambaye hajibu hata salamu vizuri! Anafoka. Yarabi, anamfokea Bi Jumwa! Niingie? Nimeinuka. Nimekaa. Aliniambia nikae nje. Nimeinuka tena.

Bi Jumwa hamjibu. Anamwacha aseme.

Sasa kuna mtu analia. Na mwingine – anacheka? Siwezi kutofautisha. Nimeweka sikio mlangoni, meneja mzima, na Rispah ananipiga picha kutoka mapokezi. Nitamwonyesha!

Simu inatetemeka. Ni mama: mchele upimwe wa watu wangapi? Sijui, mama. Sijui!

Mlango umefunguka kidogo. Chiku ametoa kichwa. Macho mekundu, meno nje.

"Wasema uingie."

"Nani wasema?"

"Sote."

"Na Bi Jumwa?"

"Yeye ndiye aliyenituma. Njoo, dada. Maimuna hajamaliza naye, na mama amesema atakaa hapo hapo mpaka amalize. Kisha –" akashusha sauti, akaziba mdomo kwa leso asipasuke, "– kisha anauliza ni nani kati yetu mwenye leso za zambarau."

Naingia. Viatu vyangu vimekwenda wapi? Naingia bila viatu!